Disasi Makulo, mwalimu wa Aruwimi

Mto Aruwimi unatoka mashariki, ambako unaitwa Ituri, ukapita ndani ya msitu hadi Banalia, mji mdogo ulio kilomita kama 130 kaskazini ya Kisangani, pale ambapo magari yaendayo Buta huvushwa kwa kivuko. Kutoka Banalia unateremka kupita Yambuya, na mwisho unaingia mto Kongo penye mji wa Basoko. Karibu na Basoko, katika kijiji cha Waturumbu kilichoitwa Bandio, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Disasi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Alipokuwa mzee aliwaambia wanawe kwamba alizaliwa Wazungu wakiwa bado hawajafika nchini mwao, na waliopima masimulizi yake wanakadiria kuwa ilikuwa kati ya 1870 na 1872.

Alifariki 1941. Katika miaka hiyo sabini alikuwa mateka, kijana wa nyumbani kwa Mwingereza, mwanafunzi wa misheni, na mwishowe mwalimu wa watoto wa kwao. Wanaomtaja leo husimama kwenye sehemu mbili za kwanza. Hata jalada la kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na mwanawe, linamtambulisha kwa majina ya watu wawili wenye nguvu, mfanyabiashara wa watumwa na mmisionari: mtumwa wa zamani wa Tippu Tip, na katekista wa Grenfell. Mimi naona kazi yake ya ualimu ndiyo iliyokuwa yake mwenyewe, na ndiyo inayostahili kusimuliwa kwa kirefu.

Tuanze shambani, maana huko ndiko alikotoka. Waturumbu ni watu wa msituni. Jirani zao Walokele ni watu wa mtoni, wavuvi na wapiga kasia, na kati ya jamaa hizi mbili kulikuwa na soko la siku nyingi: mwanamke wa Kiturumbu alishuka ukingoni na mihogo, ndizi na mawese, wa Kilokele akampa samaki. Mtoto wa Bandio alikua akijua kufyeka, kutega, kuwinga ndege mashambani, na kumsaidia mama kubeba mihogo hadi kijitoni. Mihogo michungu ya huko ina sumu. Humenywa, hulowekwa majini siku tatu au nne mpaka ilainike, hutolewa nyuzi, hutwangwa, kisha hufungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke. Hiyo ndiyo kwanga ambayo hata sasa msafiri wa mto Kongo hawezi kuikosa gatini. Ni kazi ya mikono mingi na ya kujua muda. Anayeharakisha hula sumu.

Kulikuwa na watu waliokula sumu hiyo papo hapo kwenye Aruwimi, na kisa chao ndicho kilicholiingiza jina la Banalia katika vitabu vya Ulaya. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipanda mto huu akienda kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Alipoondoka Yambuya tarehe 28 Juni alimwacha Meja Edmund Barttelot na kikosi cha nyuma, wengi wao wapagazi wa Zanzibar, wasubiri wapagazi wengine walioahidiwa na Tippu Tip. Walisubiri karibu mwaka mzima. Watu walikufa kambini kwa homa, kwa vidonda, kwa viboko na kwa njaa, na Stanley mwenyewe aliandika kwamba mihogo isiyotayarishwa vizuri iliwaua wengi. Wanawake wa vijiji vya jirani walikuwa wameukimbia ukingo ule kwa hofu ya bunduki, wakaondoka na ujuzi wao. Kikosi kilipotoka hatimaye Juni 1888 kilifika Banalia, na alfajiri ya tarehe 19 Julai Barttelot akapigwa risasi na mtu aliyeitwa Sanga, baada ya Barttelot kugombana na mke wa Sanga, aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba. Stanley alipotokea msituni tarehe 17 Agosti alikuta mabaki ya watu.

Disasi wakati huo hakuwa tena mtoto wa Aruwimi. Alikuwa ameshachukuliwa.

Stanley alikuwa amepita mara ya kwanza tarehe 1 Februari 1877, akiteremka mto kutoka Nyangwe, na pale Aruwimi inapoingia Kongo alikutana na mitumbwi ya vita ya watu wa Basoko. Alihesabu hamsini na minne, mmoja ukiwa na wapiga kasia themanini. Bunduki zilimaliza mapigano yale. Njia aliyoifungua ikafuatwa na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliokuwa wakitokea Maniema, Waarabu na Waswahili na wafuasi wao, ambao wenyeji wa huku waliwaita Batambatamba. Walishuka kwa mitumbwi kupita maporomoko ya Stanley Falls, wakazingira vijiji alfajiri, wakachoma nyumba na kukamata wanawake na watoto ili wanaume walete pembe za ndovu.

Ni wajibu wa mwandishi wa Kiswahili kulisema hili bila kulipaka asali. Lugha ninayoiandika sasa, ambayo Kisangani na Banalia wanaizungumza nyumbani na sokoni pamoja na Kilingala, ilifika huko katika mitumbwi hiyohiyo. Disasi aliyasikia maneno ya Kiswahili kwanza midomoni mwa watu waliomfunga.

Alikamatwa mwaka 1883 pamoja na jamaa zake, wakiwa nje ya kijiji. Ndugu walijaribu kumkomboa kwa pembe za ndovu, wakashindwa. Akapakiwa pamoja na watoto wengine, asijue anakopelekwa. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo Stanley, sasa akiwa katika utumishi wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alipanda tena mto kwa meli ndogo za moshi, akakuta ukingo mzima umeungua. Miti ya nyumba ilikuwa imebaki majivu, migomba imekatwa, watu wamejificha visiwani. Alipoifikia kambi ya washambuliaji alikadiria kuwa wameshika mateka 2,300, karibu wote wanawake na watoto, wamefungwa minyororo makundi makundi. Kwa hesabu yake, vijiji zaidi ya mia vilikuwa vimeharibiwa ili kupata idadi hiyo ya watu.

Watoto wachache walitoka katika mikono ile kwa kununuliwa na Stanley. Disasi alikuwa mmoja wao. Alisafirishwa kilomita zaidi ya elfu moja kuteremka mto hadi Kinshasa, ambayo wakati huo ilikuwa kituo kidogo kando ya Stanley Pool, akakabidhiwa kwa Anthony Swinburne, kijana wa Kiingereza aliyekuwa mkuu wa kituo. Nyumbani kwa Swinburne alikua. Alijifunza kuhudumu, kusafiri, kuwaelewa wageni. Hakuwa tena na minyororo, lakini pia hakuwa na mama, wala soko la samaki na mihogo, wala mtu wa kuzungumza naye Kiturumbu isipokuwa watoto wenzake waliokombolewa pamoja naye. Swinburne alifariki 1889, na Disasi, ambaye sasa alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, akahamia kwa George Grenfell huko Bolobo.

Grenfell anahitaji maneno machache. Alizaliwa Cornwall 1849, akatumwa Afrika na Wabaptisti wa Uingereza, kwanza Kameruni na kisha Kongo. Mkewe Rose alikuwa mwanamke mweusi wa asili ya Jamaika. Grenfell mwenyewe alikuwa zaidi fundi na mchora ramani kuliko mhubiri. Meli yake ya moshi iliyoitwa Peace iliunganishwa kando ya Pool mwaka 1884, na kwa meli hiyo alipima maelfu ya kilomita za mto na vijito vyake. Ramani yake ya Kongo ilichapishwa London. Mwishoni mwa 1884 alifika hadi Aruwimi na Stanley Falls, akayaona majivu yaleyale aliyoyaona Stanley. Bolobo alifungua kituo chenye shule na mtambo wa kuchapa vitabu katika lugha za mtoni.

Huko ndiko Disasi alikoshika kusoma na kuandika kwa dhati, na huko ndiko alikobatizwa. Tusifikirie darasa la madawati. Wanafunzi wa misheni ya wakati ule walikuwa nusu siku kwenye vibao vya kuandikia na nusu siku kwenye kazi: kupasua mbao, kufyatua matofali, kulima, kukata kuni za meli. Meli ya moshi ilikula kuni kila siku, na kila jioni vijana walishuka ukingoni kukata. Mtu aliyesoma katika hali hiyo hakujifunza kudharau kazi ya mikono. Ninaamini hilo lilimfaa Disasi baadaye kuliko kitabu chochote.

Alirudi Aruwimi akiwa mtu mzima, kwa meli ya Grenfell, akawapata watu wake. Nchi aliyoikuta ilikuwa imebadilika mara mbili. Vita vya 1892 hadi 1894 vilikuwa vimevunja nguvu za Waarabu wa Kongo, na Tippu Tip alikuwa ameshastaafu Zanzibar. Mahali pao walikaa maofisa wa Dola Huru ya Kongo, yaani serikali ya Leopold. Basoko ikawa kambi ya jeshi yenye boma na makao makuu ya wilaya iliyoitwa Aruwimi. Walichotaka maofisa hao kilikuwa pembe na mpira wa msituni. Mwanamume aliyepaswa kufyeka shamba alipelekwa kutafuta utomvu wa mpira, mwanamke aliyepaswa kupanda mihogo ya nyumbani akalazimika kupika kwanga za askari. Grenfell alichaguliwa 1896 kuwa miongoni mwa wajumbe wa tume ya kuwalinda wenyeji, tume ambayo Leopold aliiunda bila kuipa meno, na kwa miaka mingi serikali hiyohiyo ilimnyima viwanja vya misheni mpya upande wa juu wa mto.

Alipopata ruhusa hatimaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kituo kilijengwa Yalemba, karibu na Basoko. Disasi alipelekwa huko. Alikuwa mtu wa nchi ile, anajua lugha, na watu walijua habari zake: mtoto aliyeibwa na Batambatamba amerudi akiwa anaweza kuyasemesha makaratasi. Hakuna mhubiri wa kigeni aliyeweza kuja na barua ya utambulisho kama hiyo. Tarehe 1 Julai 1906 Grenfell alifariki kwa homa huko Basoko, akiwa amezungukwa na vijana wake wa Kiafrika. Akazikwa hapohapo.

Wengi wangedhani hadithi ya Disasi imeishia kaburini kwa bwana wake. Kwangu inaanza hapo. Alirudi Bandio, kijiji alichoibwa, akafungua humo kituo chake mwenyewe na kufundisha. Angeweza kubaki Yalemba karibu na Wazungu, au kutafuta ukarani Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ambako mtu wa kusoma alikuwa adimu na alilipwa. Alichagua kukaa na watu wanaolima.

Shule ya kijiji ya wakati ule iliendeshwaje? Wabaptisti walikuwa na kituo kikubwa Yakusu, karibu na Kisangani, kilichoanza miaka ya 1890, na kutoka Yakusu na Yalemba walimu wenyeji walisambazwa vijijini. Kanuni ilikuwa moja: kijiji kikitaka mwalimu, kijenge. Wanaume walikata miti na kusuka makuti au majani ya paa, wanawake walikandika udongo. Nyumba moja ilikuwa ya mwalimu, nyingine ikawa shule siku za kazi na kanisa siku ya Jumapili. Wanafunzi walikuwa wa rika zote, mtoto wa miaka saba akikaa na mwanamume mwenye mke. Walisoma silabi ubaoni, kisha kitabu cha kwanza, kisha Injili. Aliyeimaliza Injili alihesabiwa amesoma, na kwa kawaida alianza kuwasaidia wadogo. Kila baada ya muda mwalimu alipanda mtumbwi kwenda kituoni, akafundishwa yeye, akarudi na vitabu.

Saa ya shule ilitangazwa kwa lokole. Hiyo ni ngoma ya gogo zima, lisilo na ngozi, lililotobolewa kwa mwanya mrefu juu na kufukuliwa ndani kwa subira nyingi. Mdomo mmoja wa mwanya huachwa mnene kuliko mwingine, kwa hiyo upande mmoja unatoa sauti ya chini na mwingine ya juu. Lugha za huku nazo zina sauti ya chini na ya juu katika kila neno, na fundi wa lokole huipiga sentensi kwa sauti zake. Kwa kuwa maneno mengi yana sauti zinazofanana, ngoma huyaongezea sifa ndefu ili msikilizaji asipotee. Kila mtu mzima ana jina lake la ngoma, lenye jina la baba ndani yake. Ujumbe wa alfajiri ulisikika kilomita kadhaa mtoni, ukapokelewa na kijiji cha pili. Mmisionari John Carrington, aliyefika Yakusu 1938 na kufundisha miaka mingi Yalemba, alijifunza ngoma hizo kutoka kwa wanafunzi na wazee, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1949. Mkewe alikuwa akimwita kwa lokole arudi nyumbani kula, na wanakijiji wote walijua chakula kimeiva.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma katika historia hii, yaani nani aliyemlisha mwalimu.

Tarehe 26 Mei 1906, wiki chache kabla ya kifo cha Grenfell, serikali ya Leopold ilitia saini mkataba na Vatikani. Kila misheni ya Kikatoliki ingepewa ardhi, hekta 100 hadi 200, nayo ingefungua shule itakayofundisha pia kilimo na kazi za mikono. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walikuwa Stanley Falls tangu 1897, wakiongozwa na Gabriel Grison, na kazi yao ilipanuka hadi nchi ya Banalia. Ubelgiji ilipoichukua Kongo 1908 iliendelea na njia hiyohiyo, na kuanzia miaka ya 1920 ikaanza kuzipa fedha shule za misheni zilizoitwa za kitaifa. Maana yake zilikuwa za Wakatoliki wa Kibelgiji. Waprotestanti, ambao wengi wao walikuwa Waingereza, Wamarekani na Waskandinavia, hawakupata ruzuku hiyo mpaka 1948.

Hesabu ni rahisi. Disasi alifariki 1941. Katika maisha yake yote ya ualimu serikali haikutoa ruzuku kwa shule za misheni yake. Watoto wa Bandio waliojifunza kusoma kwake walikuwa watu wa serikali kwa kodi, kwa mpira, baadaye kwa pamba na mpunga wa lazima, lakini hawakuwa watu wa serikali walipohitaji ubao na chaki. Posho ya misheni ilikuwa ndogo. Kilichobaki kilitoka shambani. Mwalimu wa kijiji alilima kama kila mtu. Mkewe aliloweka mihogo kijitoni pamoja na wanawake wengine. Wazazi walileta ndizi, kuku, samaki wa moshi, siku yao ya kumsaidia palizi. Hiyo ndiyo hazina iliyoijenga elimu ya Aruwimi, na haimo katika bajeti yoyote iliyowahi kuchapishwa Brussels.

Na ilikuwa hazina iliyopunguzwa mwaka hadi mwaka. Amri ya Desemba 1933 iliruhusu serikali kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao iliyoyachagua hadi siku 60 kwa mwaka. Asiyelima alifungwa au kutozwa faini. Mwaka huohuo Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, na makao yake makuu yakawekwa Yangambi, katikati ya nchi ya Waturumbu. Ilikuja kuwa kubwa kuliko nyingi za nchi za joto, yenye maabara, maktaba na mkusanyiko mkubwa wa mimea iliyokaushwa. Wataalamu walipima michikichi, mihogo na kahawa. Watoto wa wakulima walewale waliohamishwa kupisha mashamba ya majaribio walikuwa wakijifunza herufi katika vibanda ambavyo baba zao walivijenga kwa miti yao wenyewe. Siwalaumu wataalamu wa mimea kwa hilo. Nailaumu serikali iliyoweza kuona mchikichi na isimwone mwalimu.

Karibu na mwisho wa maisha yake Disasi alifanya jambo la mwisho la kimwalimu. Alikaa na mwanawe, Makulo Akambu, akamsimulia kila kitu kwa mpangilio: Bandio ya zamani, vita vya vijiji, kukamatwa, Stanley, Swinburne, Bolobo, Yalemba, kurudi. Mwana akaandika. Wazee wengi wa kizazi kile walisimulia wajukuu jioni na maneno yakaenda na upepo. Huyu alisimulia kalamu ikiwa inafanya kazi. Kitabu kilitoka Kinshasa mwaka 1983 kwa wachapaji wa Mtakatifu Paulo, zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake, na mwaka 2010 Mbelgiji David Van Reybrouck alikitumia sana katika kitabu chake kikubwa juu ya historia ya Kongo. Kwa njia hiyo mwalimu wa Bandio akajulikana Amsterdam, Paris na London.

Waliomfuata katika kazi hawakupata mtu wa kuwaandika. Ruzuku ilipofika 1948 shule ziliongezeka haraka, na uhuru ulipokuja 1960 Kongo ilikuwa na watoto wengi wa shule ya msingi na watu wachache sana waliofika chuo kikuu. Kwa hiyo katika mji mdogo kama Banalia mwalimu ndiye aliyekuwa mtu wa barua, wa hesabu na wa ushauri. Heshima hiyo ikageuka hatari 1964. Waasi wa Simba walipoishika Stanleyville mwezi Agosti waliwawinda makarani, watumishi wa serikali na watu waliosoma, wakaua wengi hadharani. Mwezi Novemba, ndege za Marekani zilipoleta askari wa Ubelgiji Stanleyville, hasira ilimwagika kwenye miji ya pembeni. Banalia wamisionari waliokuwa wameshikwa, Wakatoliki na Waprotestanti, wakiwemo daktari Mwingereza, mkewe na watoto wao, waliuawa ukingoni mwa mto. Walimu wa Kikongo walijificha msituni na familia zao, wakala walichokula Waturumbu wakati wa Batambatamba, na walipotoka wakaanza upya kukusanya watoto.

Baada ya hapo mzigo ulibadilika jina tu. Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule katikati ya miaka ya 1970, ikazirudisha kwa makanisa kwa mkataba wa Februari 1977. Uchumi ulipoporomoka miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata gunia la mchele, na wazazi wakaanza kumlipa wenyewe kile kinachoitwa primu. Katika mkoa huu wa Tshopo mzazi asiye na pesa alilipa kwa mazao. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alitangaza elimu ya msingi bila malipo, kama katiba ya 2006 inavyotaka. Watoto walifurika madarasani. Lakini maelfu ya walimu nchini, hasa wa vijijini, walikuwa hawajaingizwa katika orodha ya malipo ya serikali, na primu ilikuwa imefutwa. Kwao elimu ya bure ilimaanisha kufundisha bure. Mwalimu wa barabara ya Kisangani hadi Banalia akimaliza vipindi saa sita na nusu anachukua panga, anakwenda shambani. Disasi angemtambua mara moja.

Nina ombi moja. Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na sisi wasomaji wa lugha hii tumekuwa na kitabu chake tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kimefundishwa, kimechapwa tena, kimesifiwa kwa nathari yake, na kinastahili kusomwa. Maisha ya mtoto aliyekamatwa na watu wa Tippu Tip, akarudi kufundisha kijijini, yako katika Kifaransa. Wachapaji wa Lubumbashi, Bukavu, Nairobi na Dar es Salaam watafute ruhusa ya ukoo wa Makulo, wakitoe kitabu hicho kwa Kiswahili, na nakala za kwanza zipelekwe Basoko, Yalemba, Isangi na Banalia, kwenye shule zenyewe.